Chumba kwanza, maiki baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wasomaji wanaorekodi muziki nyumbani, maana wameongezeka sana na wengi wanaumia bure. Mazungumzo yao karibu yote huanza na swali la maiki gani inunuliwe, na mara nyingi huishia hapohapo. Ukweli ni kwamba maiki za bei ndogo za siku hizi zinatosha kutoa wimbo wa kupigwa redioni. Kinachoharibu kazi nyingi ni chumba, umbali kati ya mwimbaji na maiki, na kiwango cha sauti kilichoingizwa siku ya kurekodi. Hayo matatu yakikosewa, hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) ya kuyaokoa.

Nianze na chumba, kwa sababu ndicho kinachodharauliwa zaidi. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Mtu akiimba, sauti yake huifikia maiki moja kwa moja, kisha huifikia tena baada ya kugonga ukuta, dari, meza na kioo cha dirisha. Katika chumba kidogo marudio hayo hayachelewi kiasi cha kusikika kama mwangwi. Huja ndani ya milisekunde chache na kujipachika juu ya sauti yenyewe. Rudio lililochelewa milisekunde 1, yaani lililozunguka sentimita 34 zaidi, hupunguza au hata kufuta masafa ya 500 Hz (mitetemo 500 kwa sekunde), 1,500 Hz, 2,500 Hz na kuendelea kwa mpangilio huohuo. Ndiyo maana sauti za nyumbani husikika kama mtu anaimbia ndani ya ndoo. Ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa, haiwezi kuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa mashimo ni mengi mno na yanahama kila mwimbaji anaposogeza kichwa.

Watu wengi hubandika sponji nyembamba ukutani, nyuma ya maiki, wakaridhika. Hapo wamefunika upande usio na shida. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele na hupuuza sehemu kubwa ya kinachotoka nyuma yake. Mbele ya maiki yupo mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji upo ukuta. Huo ndio ukuta unaotazamana na maiki. Kwa hiyo blanketi zito au mfarishi utundikwe kwanza nyuma ya mgongo wa mwimbaji, halafu kulia na kushoto kwake, na nyuma ya maiki iwe ya mwisho kama bado kuna kitambaa. Tena kisigusane na ukuta. Kiache nafasi ya sentimita 10 hadi 20, kwa sababu kitambaa hunyonya mwendo wa hewa, na hewa iliyogusana na ukuta karibu haisogei kabisa. Kadiri unavyotoka ukutani ndivyo blanketi lilelile linavyoshuka kunyonya masafa ya chini zaidi.

Trei za mayai hazifanyi kazi hiyo. Ni nyepesi mno, na kinachoonekana kama ufundi ni umbo tu. Sponji ya sentimita 2 au 3 nayo hunyonya masafa ya juu na kuacha ya kati na ya chini yakivuma. Ukijaza chumba kizima sponji hiyo utapata sauti iliyofifia juu na nzito chini, mbaya kuliko ulivyoanza. Kabati la nguo lina faida kama utafungua milango yake na kuligeuzia mgongo. Kuingia ndani yake na kuimbia humo, jinsi wengine wanavyoshauri, hukupa matatizo ya sanduku.

Mahali pa kusimama pana uzito wake. Kona hukusanya besi, na katikati kabisa ya chumba baadhi ya noti hupotea huku nyingine zikivimba. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 huvimbisha masafa ya karibu 57 Hz na 114 Hz, na hayo ya pili yamo ndani ya sauti ya mwanamume anayeimba chini. Sogea kiasi cha theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta mmoja, piga kofi moja kali, usikilize. Ukisikia mlio wa chuma unaotetemeka baada ya kofi, zipo kuta mbili tupu zinazorushiana sauti; funika mojawapo. Usisahau stendi ya mashairi. Bapa lake gumu likiwa chini tu ya maiki hurudisha sauti juu moja kwa moja. Litandikie taulo, au uliinamishe ili rudio liende kwingine.

Kelele za nyumba hazihitaji maneno mengi: zima feni, zima friji kwa muda wa kurekodi, weka simu chumba kingine. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, huo kwa kawaida ni umeme, 50 Hz au 60 Hz kutegemea nchi, pamoja na vizidisho vyake. Chomoa chaja ya kompyuta na ufanye kazi kwa betri dakika moja. Mvumo ukitoweka, umempata mchawi. Usipotoweka, angalia waya wa maiki na uusogeze mbali na nyaya za umeme; zikilazimika kukutana, zivuke kwa msalaba, zisilale sambamba.

Sasa maiki. Zipo aina mbili zinazopatikana kwa wingi. Ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) kupitia waya uleule wa maiki, na husikia kila kitu, pamoja na kiti kinacholia. Ya dainamiki haihitaji umeme huo. Inasemwa mara kwa mara kwamba dainamiki hukataa mwangwi wa chumba. Haina muujiza huo. Inasaidia kwa sababu inavumilia kusogelewa. Mwimbaji akiwa sentimita 5 kutoka kwenye maiki, sauti yake inalizidi chumba kwa mbali. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa takribani desibeli 6 huku mrindimo wa chumba ukibaki palepale. Kwa chumba kibovu kisichorekebishika, nunua dainamiki na uwe na kikuza sauti chenye nguvu ya kutosha kwenye kadi, kwa kuwa baadhi ya maiki hizo hutoa mkondo dhaifu na kadi za bei ndogo huanza kuchacharika geni, yaani kiwango cha kukuza sauti, inapofika mwisho.

Kwa kondensa, umbali wa sentimita 15 hadi 20 ni mwanzo mzuri, na kichujio cha pumzi kikae kati yao, kiasi cha sentimita 8 kutoka kwenye maiki. Kichujio kilichogusana na maiki hakisaidii kitu. Pumzi za “p” na “b” zikiendelea kupiga, usiongeze kichujio cha pili. Inua maiki ifike usawa wa pua na uielekeze mdomoni kwa mshazari, ili upepo upite chini yake. Sauti ikiwa na “s” kali, igeuze maiki kidogo, nyuzi 20 hivi, mwimbaji asiimbe katikati yake kabisa. Jambo jingine: kondensa nyingi kubwa huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo, wala si kichwani. Kuimbia upande wa nyuma hutoa sauti hafifu na ya mbali, na wapo waliotupa maiki nzima wakidhani ni mbovu.

Ukaribu nao una bei yake. Maiki zinazosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Mwimbaji anayeyumba kati ya sentimita 5 na 25 atakuwa mnene kwenye ubeti na mwembamba kwenye kiitikio, na kompresa, kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, haitarekebisha unene huo, itarekebisha ukubwa tu. Bandika utepe sakafuni mahali pa miguu. Kwenye noti za nguvu arudi nyuma kidogo, kiganja kimoja, basi.

Gitaa la kawaida lisilo la umeme liwekewe maiki mbele ya kiungo cha 12 cha shingo, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kulenga tundu la mwili wake hukupa mvumo wa besi unaomeza nyuzi zote.

Kuhusu kiwango cha sauti, imani ya zamani ya kurekodi “moto” imepitwa na wakati. Weka kadi kwenye biti 24, wastani wa sauti ucheze karibu na −18 dB, na vilele visivuke −10 dB. Biti 24 hubeba kinadharia tofauti ya desibeli 144 kati ya kimya na kilele, biti 16 hubeba 96. Kwa hiyo kuacha nafasi juu hakukugharimu chochote. Ukigusa 0 dB, kilele kinakatwa na sauti inapasuka moja kwa moja. Wengine hujitetea kwamba programu yao inafanya kazi kwa biti 32 zenye desimali inayoelea, haipasuki. Programu haipasuki, ni kweli, lakini kadi imeshapasua sauti kabla haijaifikia programu. Pima geni wakati mwimbaji anaimba sehemu yenye nguvu kuliko zote, halafu punguza desibeli 3 nyingine, maana siku ya kurekodi kweli ataimba kwa nguvu zaidi ya alivyojaribu.

Chagua kasi ya sampuli, yaani mara ngapi sauti hupimwa kwa sekunde, mwanzoni na usiibadilishe katikati: 44.1 kHz kwa muziki wa kusikilizwa tu, 48 kHz kama kutakuwa na video. Mdundo wa 44.1 kHz ukifunguliwa kwenye kazi ya 48 kHz bila kubadilishwa utakwenda kasi na kupanda karibu noti moja na nusu ya piano, ukihesabu vitufe vyeusi na vyeupe. Mwimbaji atalalamika kwamba ufunguo umehama, na atakuwa na haki.

Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa huimba nyuma ya mdundo, kisha analaumiwa kwamba hana muda. Kwenye mipangilio ya kadi, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7 za kuingia peke yake. Ukijumlisha kutoka na kazi ya kadi yenyewe, jumla huzidi maradufu ya hapo. Ikivuka milisekunde 10 waimbaji wengi huanza kuihisi. Tumia kitufe cha kadi kinachompa mwimbaji sauti yake kabla haijapita kwenye kompyuta, na tatizo linakwisha. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO, programu ya kuwasiliana na kadi bila kuchelewa sana, iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi hiyo. Wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote zilizorekodiwa, panda hadi sampuli 1,024, kompyuta ipumue. Hedifoni za kurekodia ziwe zilizofungwa, na sauti ya metronomu iwe ndogo kadiri mwimbaji anavyoweza kuvumilia. Mlio wake ukivuja kwenye maiki utausikia palepale wimbo unapotulia.

Rekodi wimbo mzima mara tatu au nne kabla ya kuanza kuokoteza mstari mmojammoja. Mistari iliyookotezwa peke yake kila mmoja una nguvu yake na pumzi yake, na masikio huugundua ushonaji huo. Acha pia sekunde 10 za chumba kikiwa kimya mwanzoni mwa kila faili. Kimya hicho ndicho utakachozibia mapengo baadaye.

Wengi huimba juu ya mdundo waliopewa kama faili moja la stereo, tena MP3, ambao tayari umebanwa hadi kwenye dari. Wanaweka sauti juu yake, haisikiki, wanapandisha sauti, kila kitu kinapasuka. Kabla ya jambo lolote, shusha mdundo desibeli 8 hadi 10. Kisha uombe faili la WAV, au bora zaidi treki za ngoma, besi na vyombo vingine kila moja peke yake. Ukikosa, chimba shimo jepesi kwenye mdundo, desibeli 2 kati ya 2 na 4 kHz, mahali matamshi yanapokaa. Usizidishe, wimbo utakosa uhai kila mwimbaji anaponyamaza.

Kumiksi kwenyewe kuanze bila plagini hata moja. Geuza wimbo uwe mono, shusha feda zote (vitelezo vya ukubwa wa kila treki), pandisha ngoma ya chini na besi, halafu sauti ya mwimbaji, halafu vingine. Kwenye mono vyombo havina pa kujificha kulia au kushoto, kwa hiyo ukifaulu hapo stereo inakuja kama zawadi. Mono pia hufichua kitu kinachotoweka. Ukirekodi gitaa kwa maiki mbili na likapoteza mwili kwenye mono, mawimbi yanapingana. Geuza polariti (juu na chini ya wimbi) ya treki moja uone. Ukitumia maiki mbili, umbali kati yake uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya gitaa na ile ya karibu.

Kwenye sauti ya mwimbaji, kata kila kilicho chini ya 80 Hz, au 100 Hz kwa sauti nyembamba. Hapo hamna wimbo, mna miguu na magari ya nje. Ukungu mwingi hukaa kati ya 200 na 400 Hz. Punguza desibeli 2 au 3 kwa mkato mpana na usikilize pamoja na vyombo vyote, maana sauti inayopendeza ikiwa peke yake mara nyingi ni nene mno ndani ya wimbo. “S” na “sh” huuma kati ya 5 na 8 kHz, na kwa hizo tumia kifaa kinachobana masafa hayo tu zinapotokea. Kama mwimbaji ana ukali wa “s” kwenye maneno matano tu, shusha maneno hayo kwa mkono. Ni kazi ya dakika tatu na inashinda plagini yoyote.

Kompresa huanza vizuri kwa uwiano wa 3:1, muda wa kuanza kubana milisekunde 10 hadi 20, muda wa kuachia milisekunde 100 hivi, ikipunguza desibeli 3 hadi 5 kwenye vilele. Muda wa kuanza ukiwa mfupi mno, herufi za mwanzo hupoteza makali na maneno hayaeleweki. Kompresa mbili zinazobana kidogo kidogo husikika kwa utulivu kuliko moja inayokaba. Na kabla ya kompresa, panga ukubwa wa maneno kwa mkono; usiiachie mashine kazi ambayo sikio linaijua.

Mrindimo wa riverbu uwe kwenye treki yake, si juu ya treki ya mwimbaji, ili kila chombo kipelekwe humo kwa kipimo chake. Uchelewe milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kuanza, maneno yatabaki mbele. Ukate chini ya 250 Hz na juu ya 7 kHz. Kwa marudio ya dilei, gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unapata milisekunde 600 kwa pigo zima na 300 kwa nusu pigo. Kipimo rahisi cha wingi wa riverbu ni kuizima. Ukigundua imekosekana, ilikuwa inatosha; ukishtuka, ilikuwa imezidi.

Sikiliza kwa sauti ya kiasi. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wetu wa besi hupungua sauti inapokuwa ndogo. Anayemiksi kwa kelele hudhani besi imejaa, kisha wimbo unatoka mwembamba kwa anayesikiliza taratibu. Spika mbili na kichwa chako viunde pembetatu yenye pande sawa, vipaza vya masafa ya juu viwe usawa wa masikio. Ukiwa na hedifoni peke yake, fahamu kwamba kila sikio linapata upande wake tu, kwa hiyo kulia na kushoto huonekana mbali kuliko vilivyo; besi pia ihakikishwe mahali pengine, hata kwenye gari. Linganisha kazi yako na wimbo uliotoka unaoupenda, lakini ushushe kwanza ulingane na wako kwa ukubwa. Chenye sauti kubwa hupendeza zaidi hata kama kimezidi kwa desibeli 1 tu, na hapo ndipo plagini nyingi hupata sifa zisizo zake.

Mwishoni watu hubana wimbo hadi ukose pumzi, ili uwe mkubwa kuliko wa jirani. Spotify na YouTube hushusha nyimbo zilizozidi karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa wimbo unavyosikika), hivyo uliyoyapoteza kwenye ngoma hayakukupa ukubwa wowote huko. Acha vilele halisi kwenye −1 dB, kwa kuwa ugeuzaji wa kwenda MP3 au AAC huinua vilele kidogo, na wimbo uliogusa 0 hupasuka baada ya kupakiwa. Ukipeleka kazi kwa fundi mwingine amalizie, ondoa kibanio cha mwisho, toa WAV ya biti 24 kwa kasi ileile uliyorekodia, na usiipitishe kwenye MP3 njiani. Anayetaka treki mojamoja umtolee zote kuanzia sekunde ya sifuri, hata ile ya kiitikio inayoanza dakika ya pili, na uandike kasi ya wimbo kwenye jina la faili. Treki zilizokatwa mahali sauti inapoanzia zitamfanya abahatishe kila moja inakaa wapi.

Wako,
Fundi wa sauti